Mapatano Mbele ya Hakimu: Je, Sahihi Yatosha?

Watu wawili walikuwa na kesi. Walipochoka kungoja siku za mahakama, walikutana, wakazungumza, wakapatana. Waliyaandika mapatano yao, wakatia sahihi, kisha wakaipeleka karatasi kwa hakimu ili aithibitishe na kuipiga muhuri. Swali tutakalolitafakari katika kurasa hizi ni hili: hakimu huyo yampasa kufanya nini? Je, aangalie tu kwamba sahihi ni za kweli, apige muhuri, na kumwita mwenye kesi inayofuata? Ama yampasa kuuliza tena kama mapatano yenyewe ni ya haki?

Labda msomaji atasema: hayo ni mambo ya maavoka, sisi walimu na watu wa kawaida yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Hapa Kolwezi, tangu Luilu hata Kasulo, tangu Musonoi hata Kapata, ni nyumba chache ambazo hazijaletewa karatasi ya kutia sahihi. Mmoja ameachishwa kazi. Mwingine ukuta wa nyumba yake umepasuka kwa baruti za mgodi. Wa tatu amefiwa na kijana wake barabarani, chini ya lori la madini. Yaja machozi, yaja maneno, na mwisho yaja karatasi ya Kifaransa yenye mahali pa kutia sahihi. Na kwa kuwa kazi yetu sisi walimu ni kuwafundisha watoto kupatana na wenzao, yafaa tujue kupatana ni kitu gani, tusije tukawafundisha neno zuri kumbe kitu chenyewe hatukijui.

Tuanze na sheria, maana sheria yenyewe ina hekima ambayo watu wengi hawaishuku. Sheria yetu ya mikataba katika Kongo ni ya zamani sana. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyofuata mfano wa kitabu cha sheria cha Wabelgiji, nacho kilitoka kwa Wafaransa. Sheria hiyo yayajua mapatano kama mkataba ambao kwao watu humaliza kesi iliyokwisha kuzaliwa, au huizuia kesi inayotaka kuzaliwa. Mkataba huo ukikamilika, huwa kati ya wale wawili kama hukumu ya mwisho. Hawezi mmoja wao kurudi mwakani akasema, nimegeuza moyo.

Lakini ili kitu kiitwe mapatano, wanasheria wadai jambo moja: kila upande uache kitu. Yohane amdai Petro franka 1,000. Petro akana kabisa. Wakipatana 600, Yohane ameacha 400, naye Petro ameacha kukana kwake. Hayo ni mapatano. Walakini kama Petro alikuwa na deni la 600 ambalo hakuna awezaye kulibisha, naye akampa Yohane 600 hizo hizo na kumwambia, sasa tia sahihi kwamba hutanidai kitu kingine chochote, hapo Petro ameacha nini? Hakuacha kitu. Amelipa deni lake, na kwa deni lake mwenyewe amenunua haki za mwenziwe. Naomba msomaji alishike neno hili, kwa maana tutalirudia.

Sasa, kwa nini watu waende kwa hakimu baada ya kupatana? Sababu ni ya kazi tu. Karatasi isiyo na muhuri wa mahakama ni ahadi. Asiyelipa, itabidi kumshitaki upya. Karatasi iliyothibitishwa na mahakama yaweza kupelekwa mara moja kwa mjumbe wa mahakama, naye aweza kukamata mali. Polisi husimama nyuma yake. Basi twaona kwamba hakimu athibitishapo mapatano si shahidi tu. Anaiazima ile karatasi nguvu za serikali. Na mtu anayemwazima mwenziwe panga, je, haimpasi kuuliza linakwenda kukata nini?

Hapo ndipo ulipo moyo wa swali letu. Lakini tusiende haraka, maana kuna upande wa pili wenye nguvu.

Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Matayo, atushauri tupatane na mshitaki wetu tungali njiani, kabla hajatufikisha kwa hakimu. Mtume Paulo awakemea Wakorinto kwa sababu walishitakiana mbele ya mahakama za wapagani, hali hata mmoja wao angeweza kuwaamua. Wazee wetu pia, Wasanga na Walunda na Waluba, walipenda maneno yaishe watu wakiwa wameketi pamoja. Kesi yala fedha, yala miaka, yala na undugu. Tena mapatano yaweza kutoa kitu ambacho hukumu haiwezi kutoa kamwe. Katika mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilipatana na wazee wa Kenya 5,228 walioteswa katika makambi wakati wa vita vya Mau Mau; ililipa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Lakini wengi katika wazee wale hawakutaja fedha kwanza. Walitaja kwamba waziri wa Uingereza alisimama ndani ya Bunge lao akakiri kwamba watu waliteswa, na kusema kwamba serikali yasikitika. Tena wakapewa mnara wa ukumbusho mjini Nairobi. Ni hakimu gani awezaye kumhukumu mtu kusikitika? Hilo lapatikana kwa kupatana tu.

Basi wako wasemao: mapatano ni mema daima, na yule anayeyahoji ni mpenda ugomvi. Hasha. Manabii waliwalaumu vikali wale waliotangaza amani mahali ambapo hapakuwa na amani. Twende tukayatazame mapatano moja ya kale, ambayo kila mtoto wa darasa la tatu anayajua.

Esau alirudi kutoka porini amechoka, njaa yamwuma. Yakobo alikuwa amepika dengu. Akamwambia nduguye, niuzie haki yako ya uzaliwa wa kwanza. Esau akaona kwamba yu karibu kufa, na haki ile itamfaa nini. Akaapa, akala, akanywa, akaenda zake. Sasa tujifanye kwamba wawili hao wamefika mbele ya hakimu ili kiapo chao kithibitishwe. Sahihi ni ya kweli? Naam. Esau alijua anauza nini? Alijua vizuri sana. Alidanganywa? Katika jambo lile hakudanganywa. Udanganyifu ulikuja baadaye, kwa mzee Isaka. Alipigwa? Hapana. Kwa kanuni ya kutazama sahihi tu, hakimu hana neno. Na hata hivyo nimewauliza watoto wa shule yangu mara nyingi, na hapana mtoto aliyeniambia kwamba Yakobo alitenda vema. Watoto hao wajua kwamba mwenye njaa hana miiko, na kwamba ndiyo sababu haifai kufanya naye biashara kubwa kabla hajala.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha jambo hili hili kwa habari ya mishahara. Kulikuwa na watu waliosema kwamba mshahara wowote ni wa haki, mradi mfanyakazi ameukubali. Papa akakataa. Mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu ya dhiki, au kwa kuogopa baya zaidi, kwa kuwa tajiri hampi mengine, huyo amekubali kwa mdomo, lakini kwa kweli ametendwa jeuri. Na kabla yake, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa ameandika kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu mnunuzi ana shida kubwa, maana shida ile si mali ya muuzaji. Akiiuza, anauza kisicho chake. Nalipenda sana fikira hilo. Wako watu mjini mwetu wanaotajirika kwa kuuza shida za wengine, na madukani hakuna rafu iliyoandikwa bidhaa hiyo.

Sasa nieleze jambo nililoliona. Watu wengi wa mtaa wetu wakipata barua ya Kifaransa huniletea niwasomee, kama wafanyavyo kwa walimu wote. Mama mmoja mjane aliniletea karatasi za kurasa tatu. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kulehemu kwa mkandarasi mmoja, akafa kazini. Shemeji yake alikuja naye, naye alikuwa na haraka, kwa sababu madeni ya matanga yalikuwa hayajalipwa. Karatasi ilisema kwamba familia imepokea mshahara wa mwezi wa mwisho, gharama za sanduku na gari la kwenda makaburini, magunia mawili ya unga, na fedha kiasi fulani, si nyingi. Na kwamba kwa hayo yote mjane, kwa nafsi yake na kwa watoto wake wanne, ameacha madai yote, ya sasa na ya baadaye. Ilisema pia kwamba itapelekwa mahakamani ipate kuthibitishwa.

Nilimsomea kwa Kiswahili pole pole, mstari kwa mstari. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza:

“Mwalimu, mshahara ulikuwa wake, alikwisha kuufanyia kazi. Sanduku na unga, hata majirani walileta. Sasa hapa wao wametoa nini?”

“Mama,” nikamjibu, “wametoa zile fedha za mwisho.”

“Na mimi nimetoa nini?”

“Umetoa mengine yote.”

Maavoka husoma miaka mitano chuoni ili waulize swali hilo la mama. Hakwenda hata darasa la nne, akaliuliza. Kila upande uache kitu: ndiyo kanuni ya sheria, nayo ilikuwa ndani ya kichwa chake. Shemeji alikasirika kidogo, akasema kwamba mwenye deni hachagui. Nami simlaumu sana. Wenye duka walikuwa wanamngoja.

Hapa yafaa nieleze ambayo wengi hawayajui. Mtu akifa kwa ajali ya kazi, mjane na yatima wana haki ya malipo kutoka Caisse nationale de sécurité sociale, kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Malipo hayo si zawadi ya tajiri, wala hayaondoki kwa sababu tajiri amenunua sanduku. Kadhalika kesi ya kazi haipokelewi na mahakama ya kazi kama haijapita kwanza kwa Inspekta wa Kazi ili ajaribu kuwapatanisha. Ndivyo yaagizavyo Sheria ya Kazi ya mwaka 2002. Sheria hiyo yastahili sifa, kwa sababu yaweka mtu wa tatu mezani, ajuaye hesabu, kabla ya sahihi. Lakini karatasi niliyoisoma ilitaka kupita mlango mwingine.

Tutazame mlango huo. Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA mwaka 2012. Tarehe 23 Novemba 2017, mjini Conakry, nchi za umoja huo zilitunga sheria moja juu ya upatanishi. Sheria hiyo yasema kwamba mapatano yaliyopatikana kwa msaada wa mpatanishi yaweza kupelekwa kwa hakimu ayathibitishe. Hakimu hana ruhusa ya kugeuza maneno yake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mapatano ni ya kweli, yaani hayakughushiwa. Aweza kukataa kwa sababu moja tu: kama yapinga sheria zile za msingi ambazo hapana mtu awezaye kuziacha kwa hiari yake. Tena amepewa siku 15 za kazi. Zikipita bila jibu, mapatano yahesabiwa kuwa yamethibitishwa. Kunyamaza kwa hakimu ni muhuri.

Kwa wafanya biashara wawili, nasema, sheria hii ni njema. Mwenye malori na mwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, kila mmoja ana avoka wake, kila mmoja amelala usiku akijua hesabu yake. Hakimu akiingia kati yao na kuanza kupima bei, atawachelewesha bure. Watu wazima wana haki ya kufanya hata mapatano mabaya. Hakimu si baba yao.

Lakini watoto wanne wa yule fundi? Wao hawakutia sahihi. Mama yao aliombwa aache haki yake, tena aache na yao. Katika Uingereza kanuni ya mahakama ni kwamba kesi ya mtoto ikimalizwa kwa mapatano, mapatano hayo hayana nguvu hata kidogo mpaka hakimu ayaidhinishe, naye hakimu hutazama kama yamfaa mtoto. Kenya na Tanzania zilirithi kanuni ya namna hiyo kutoka sheria ya India ya mwaka 1908: yule anayemsimamia mtoto katika kesi hawezi kupatana kwa niaba yake pasipo ruhusa ya mahakama. Sababu ni wazi. Mtu mzima aliye katika dhiki ya leo huiona leo tu. Mtoto anayo kesho. Na mara nyingi yule anayempatania mtoto ana madeni yake mwenyewe. Sisemi kwamba shemeji yule alikuwa mwovu. Nasema alikuwa na matanga ya kulipa.

Twaweza kutoka hapo kwenda mbele hatua moja. Ikiwa mtoto alindwa kwa sababu hawezi kupima, je, mtu mzima asiyeweza kuisoma karatasi yenyewe? Katika mkoa wa Mara, Tanzania, watu wa vijiji vilivyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara walipeleka kesi London mwaka 2013, wakidai kwamba jamaa zao waliuawa au kujeruhiwa mgodini. Kesi ilikwisha kwa mapatano mwaka 2015. Lakini kabla ya hapo baadhi ya wenyeji walikuwa wamekwisha kupewa malipo madogo, na sharti la malipo hayo lilikuwa kutia sahihi kwamba hawatashitaki. Sahihi zile zilikuwa za kweli. Nani alikuwa mezani upande wao?

Kuna namna nyingine ya watu wasiokuwa mezani, nayo ni kubwa kuliko zote hapa Lualaba. Mwezi wa Aprili 2018 Gécamines, kampuni ya serikali, ilikwenda Mahakama ya Biashara ya Kolwezi kuomba kampuni ya Kamoto, iitwayo KCC, ivunjwe, kwa kuwa madeni yake yalikuwa yameimeza mali yake. Mwenye sehemu kubwa ya KCC alikuwa Katanga Mining, iliyo chini ya Glencore. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wakapatana. Deni la dola bilioni 5.6 liligeuzwa kuwa hisa, KCC ikakubali kuilipa Gécamines dola milioni 150 kwa magomvi ya zamani, na kesi ikaondolewa. Kadhalika mgodi wa Tenke Fungurume: mwezi wa Februari 2022 mahakama ya biashara ya Lubumbashi ilimweka msimamizi wa muda, madini yakazuiwa yasitoke nchini, na mwaka 2023 Gécamines na kampuni ya Kichina CMOC zikapatana kwa dola milioni 800, zilipwe hadi mwaka 2028.

Sisemi kwamba mapatano hayo yalikuwa mabaya. Yawezekana yalikuwa mema kuliko hukumu. Nasema jambo moja. Gécamines ni mali ya serikali, na shaba ile ni ya watu wa nchi. Yule aliyetia sahihi aliacha haki fulani na kupokea haki fulani kwa niaba ya mamilioni ya watu, wale wale wanaoitwa nyasi katika methali ya tembo. Wale hawakuulizwa, nayo si ajabu, maana hawawezi wote kuketi mezani. Lakini mdai akiiondoa kesi yake, hakimu hana tena kitu cha kusoma. Basi katika kesi ndogo ya mjane karatasi yafika mezani pa hakimu, na katika kesi kubwa ya nchi yaweza isifike kabisa. Naona hili limepinduka. Mapatano yanayofunga watu wasiokuwepo ndiyo yangepaswa kusomwa kwa sauti, milango ikiwa wazi. Mwezi wa Februari 2022 serikali ilipopatana na mfanya biashara Dan Gertler juu ya haki za migodi, mkataba haukutangazwa mara ile. Mashirika ya raia yalilalamika kwa miezi ndipo ukachapishwa.

Katika Kitabu cha Ruthu, Boazi alipotaka kumaliza neno la shamba la marehemu Elimeleki, hakulimaliza chumbani. Alikwenda langoni pa mji, akawaketisha wazee kumi, akamwita jamaa aliye karibu zaidi, na kila kitu kikasemwa mbele ya watu. Wajane wawili, Naomi na Ruthu, walikuwa na faida yao katika neno lile, na wazee kumi walikuwa wanasikiliza.

Sasa nizijibu hoja za wale wasiokubali, maana nimezungumza na avoka mmoja rafiki yangu, naye hakunipa raha.

Alisema kwanza: ukimpa hakimu uwezo wa kukataa mapatano, umempa kitu cha kuuza. Leo muhuri wapatikana kwa siku 15. Kesho utapatikana kwa bahasha. Hoja hii ni ya kweli, na katika nchi yetu hatuwezi kuicheka. Ndiyo maana siombi kwamba hakimu apewe ruhusa ya kupima kila bei kwa moyo wake. Naomba apewe maswali machache, yaulizwe hadharani, na majibu yaandikwe. Swali linaloulizwa mbele ya watu ni gumu kuliuza.

Alisema pili, na hili lilinisumbua zaidi: hakimu akiyakataa mapatano ya Esau, Esau atakula nini? Tajiri ataondoka na sufuria yake. Mjane atangoja kesi miaka mitatu, na watoto watafukuzwa shule. Huruma yako, mwalimu, itawaua kwa njaa.

Nimelifikiri neno hilo kwa siku nyingi. Jibu langu si kamili. Naona tu kwamba ndani ya ile karatasi ya kurasa tatu mlikuwa na vitu viwili vilivyofungwa kamba moja: deni na mapatano. Mshahara ni deni. Malipo ya ajali ya kazi ni deni. Hayo hayangoji sahihi ya kuacha kitu. Yalipwe kwanza, kwa karatasi yake ya kupokea. Mjane akiisha kula, azungumze juu ya mengine. Tukiikata ile kamba, nguvu ya njaa yapungua mezani, ingawa haiondoki yote. Na kuikata kamba hiyo hakumlazimu hakimu kupima bei. Kwamlazimu kutofautisha tu kilichokuwa deni na kilichoachwa, kazi ambayo sheria ya mapatano yenyewe yaidai tangu zamani.

Avoka akasema kwamba matajiri hawatakubali. Labda. Mama yule aliirudisha karatasi bila sahihi. Katika juma la tatu ililetwa nyingine, ya ukurasa mmoja na nusu, na mshahara ulikuwa umetolewa ndani yake na kulipwa mbali. Habari za watoto hazikuguswa. Kiasi cha fedha kilikuwa kile kile. Shemeji aliwalipa wenye duka, na maneno ya ajali yakapelekwa kwa Inspekta, ambako yapo mpaka hivi leo ninapoandika.

Limebaki neno la lugha, nalo nimeliacha mwisho kwa sababu ni jepesi kuliko yote na hata hivyo halifanyiki. Katiba ya mwaka 2006 yakitaja Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mapatano yaletwayo kwa hakimu wa Kolwezi huandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wanaoyatia sahihi hawakijui. Hakimu anakijua Kifaransa. Karani wake anakijua Kiswahili tangu titi la mama yake. Basi kabla hakimu hajashika kalamu, karani aweza kumgeukia yule aliyesimama mbele yao na kumwuliza: Mama, katika hivi walivyokupa, ni kipi ambacho hukuwa ukiwadai tangu zamani? Na wewe umewaachia nini? Kisha aandike jibu lake chini ya sahihi.